Kioo cha Pumzi katika Nchi ya Ufukizo

"Hivi we Bi Mwatime, hayo maji unayoyapandisha puani mara tatu kila ukitawadha, huwa unatafuta nini humo ndani?"

Ndivyo alivyouliza Mama Riziki, jirani wa ukuta kwa ukuta, asubuhi moja akipepeta mchele barazani kwake. Bi Mwatime hakuukatiza udhu wake. Alimaliza miguu, akatia dua, ndipo akajibu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani: kwamba hiyo ni suna, na yeye anafuata.

"Suna nimeikubali," akasema Mama Riziki. "Lakini wewe unavuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Iko siku utatoa samaki."

Wakacheka, mchele ukaendelea kupepetwa. Lakini swali lile halikumtoka Bi Mwatime, kwa sababu lilikuwa limegusa pale palipokwishaguswa. Marehemu mumewe, Mzee Shaame, alikuwa mchoma chokaa. Miaka ishirini alisimama juu ya tanuri. Mwisho wa umri wake pua iliziba, akawa analala mdomo wazi kama kifaranga anayesubiri chakula, na hakujua tena harufu ya mrehani wala ya maziwa yaliyochacha. Daktari alimmulika akasema kuna nyama zimeota puani, laini, kama zabibu iliyomenywa. Akamwambia ajiepushe na moshi na vumbi, na asafishe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mzee Shaame akacheka. "Moshi ndio ulionijengea nyumba," alisema, akarudi tanurini. Hakufa kwa pua, alikufa kwa moyo, Mungu amrehemu. Lakini mjane aliyaweka maneno ya daktari yule, kama anavyoweka sindano: haitumiki kila siku, ila siku ya kutafutwa iwe mahali pake.

Basi katika kutembea kwake duniani Bi Mwatime akafika nchi iitwayo Ufukizo. Njia ya kufikia huko msiulize. Haina faida, na aliyeipita mara moja hawezi kuionyesha. Faida iko katika aliyoyaona.

Kwa mbali aliona kitu kama wingu limeketi chini. Alipokaribia akajua si wingu. Kila mlango wa nchi ile una vyetezo viwili, cha kulia na cha kushoto, navyo havizimwi usiku wala mchana. Humo huchomwa makumbi ya nazi, gundi ya miti na majani makavu, na moshi wake ni mzito hata kuku wa huko hutembea kwa kusikilizana. Madirisha waliyoyajenga mababu yalizibwa kwa udongo. Sheria ya kwanza ya nchi, iliyoandikwa juu ya kila kizingiti, inasema: *Ukipita, rudishia mlango.*

Akauliza sababu, akaambiwa. Zamani watu wa nchi ile walisumbuliwa na nyama za puani. Baraza likaketi mwaka mzima, likatambua kwamba nyama ile ni mmea: mbegu yake hupeperuka hewani, ikaingia puani, ikaota pale penye unyevu kama mahindi ya masika. Na mbegu hukaushwa kwa moshi. Tangu siku ile uliwekwa Moshi wa Kinga, na tangu siku ile, waliapa, hakuna mtu wa Ufukizo aliyepatikana na nyama ya pua.

"Hata mmoja?" aliuliza Bi Mwatime.

"Hata bboja," akajibiwa.

Maana watu wale walizungumza hivyo wote, kama waliobanwa na mafua. Hata yeye walimwita Bi Bwatibe. Hapa maneno yao yatanyooshwa, msomaji asije akachoka.

Alifikia kwa mwanamke mmoja, Zaina, msusi wa vipepeo vya ukindu. Kwingine kipepeo ni cha kujipepea. Ufukizo ni cha kupepea chetezo, na kujipepea uso ni kosa. Zaina alikuwa mkarimu, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alikuwa na binti wa miaka sita, Kidawa, mwembamba, mwenye pengo la meno mawili ya mbele na weusi chini ya macho kama mtu mzima mwenye mashaka.

Siku ya kwanza Bi Mwatime alipiga chafya. Kwa kawaida yake akasema, "Alhamdulillahi," akangoja aombewe rehema.

"Mama wee," Zaina akanong'ona, "umerudisha!"

"Nimerudisha nini?"

"Dawa ya nchi. Moshi ule umepewa, wewe umeutoa. Angekusikia Mtunza Moshi ungeinamishwa juu ya chetezo mpaka urudishiwe kiasi chako."

"Basi nyie mkitaka kupiga chafya mnafanyaje?"

"Tunaizuia. Unabana hapa," akaonyesha, "unatazama juu, unawaza msiba."

Siku ya pili alikwenda sokoni kununua samaki. Alipoinama kumnusa, muuzaji alimtazama kwa huruma. "Bibi, unamfanya nini? Soma ubao." Katikati ya soko palikuwa na ubao mrefu, na karani juu ya ngazi akiandika kwa chaki. Huo ndio Ubao wa Harufu. Kwa kuwa hakuna tena anayenusa, Baraza huamua alfajiri kila kitu kinanukaje. Siku ile iliandikwa: *Samaki: wazuri. Maziwa: mazuri. Mtaro wa sokoni: unanukia karafuu.* Wanunuzi walisoma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakajaza vikapu. Samaki yule alikuwa ameshaaga dunia mara mbili. Bi Mwatime alinunua viazi.

Njiani aliona watu watatu wameshika matumbo, wamejiegemeza ukutani. "Wanaumwa?" akauliza. "Hapana," akajibiwa, "wameshiba."

Alisema moyoni kwamba mgeni ni kuku mweupe, kila afanyalo huonekana; na akanyamaza. Lakini kutazama hakuna aliyemkataza, na Bi Mwatime ni mtu wa kutazama. Aliona watu wote wanalala midomo wazi. Aliona bi harusi akipewa maua ya kitambaa, kwa sababu, walisema, yana rangi zaidi. Aliona wazee wakila chakula kilichoungua na kukisifu. Kila alipotazama alimwona Mzee Shaame.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya Kioo.

Kila mwezi watu wa mtaa husimama mstari mmoja mbele ya Mkuu wa Vioo, Bwana Vuai. Huyu alikuwa mzee mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa, na kifuani alining'iniza kioo cha duara chenye mkufu wa fedha. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba pua za raia ziko wazi. Humwekea mtu kioo chini ya pua. Kikifunga ukungu, pumzi inapita, pua ni safi, jina linapigwa muhuri. Na kwa kuwa ni shughuli ya serikali, mtu hapimwi kimya kimya kama ng'ombe. Husimama wima akatamka kiapo cha nchi: "*Haaa, pumzi yangu ni haki, haaa, moshi wangu ni kinga, haaa.*"

Mmoja baada ya mwingine walisema haaa, na mmoja baada ya mwingine kioo kilifunga ukungu. "Safi," akasema Bwana Vuai. "Safi. Safi. Safi." Karani akagonga muhuri.

Ikafika zamu ya Kidawa. Ilikuwa mara yake ya kwanza, kwani watoto huanza kupimwa wakitimiza sita. Mtoto akatazama umati, akakumbuka pengo lake, akaona haya. Akafumba mdomo akaubana kabisa.

Bwana Vuai akaweka kioo. Kikabaki kikavu, kinang'aa. Akangoja. Mtoto akaanza kugeuka rangi, lakini mdomo hakufumbua.

"Haikupita," akasema Bwana Vuai, na sauti yake mara ile ilikuwa ndogo. Miaka thelathini na mbili hakuwahi kulisema neno lile. Mstari mzima ulirudi nyuma hatua mbili. Zaina akadondosha kipepeo.

Hukumu ya asiyepita iko kwenye kitabu cha sheria, ingawa haijawahi kutumika: matundu yote mawili ya pua huzibwa kwa pamba iliyochovywa lami, siku arubaini, mbegu nyingine zisiingie. Ikapangwa Ijumaa, mbele ya Baraza.

Usiku huo Zaina hakulia kwa sauti, kwa sababu kulia hutoa kamasi, na kamasi ni unyevu, na unyevu una sheria zake. Alikaa tu kumtazama binti yake akikoroma.

"Shoga yangu," akamwambia Bi Mwatime, "akilala hivi hivi tu anakatika pumzi, mara tatu, mara nne, mpaka namtikisa. Sasa wakimziba kwa lami…"

"Mbona hakusema kiapo?"

"Pengo. Wenzake wanamwita Mlango wa Baraza." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikamgeukia.

Bi Mwatime alikaa na jambo lile mpaka alfajiri. Alikuwa na elimu ya darasa la saba tu, lakini hata darasa la saba linatosha kujua kwamba ukipulizia kioo kwa mdomo kitafunga ukungu, uwe na pua au huna. Alipofika hapo katika fikra zake akasema, "Subhanallah," akainuka kutafuta maji.

Alikuwa akitawadha uani Kidawa alipokuja na kuchutama mbele yake. Mtoto alimtazama akipandisha maji puani na kuyapenga, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

Mkono wa Bi Mwatime ukasimama njiani. Swali lile lile, na lilikuwa limemfuata mpaka huku.

"Natafuta njia, mjukuu wangu," akasema. "Unataka tuitafute yako?"

Zaina aliogopa. Kutia maji puani, kwa sheria, ni kuzima Moshi wa Kinga. "Wakijua watatuzibia sote."

"Mimi si daktari, mwanangu," akasema Bi Mwatime, "na kama humo mna nyama au ni uvimbe tu, Mungu ndiye ajuaye. Siahidi kitu. Lakini mume wangu aliambiwa hivi na mtu aliyesomea, akapuuza, nami nikapuuza pamoja naye. Mara ya pili sipuuzi."

Zaina alimtazama mtoto, akainuka akaweka sufuria jikoni. Walichemsha maji yakatokota, wakayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, wakatia chumvi kidogo, kiasi cha kukumbusha machozi. Bi Mwatime alinawa mikono kwanza kwa sabuni, akamnawisha na mtoto. Wakamwinamisha mtoto kichwa, maji yakaingia polepole. Siku ya kwanza Kidawa alipiga kelele, na Zaina akaimba kwa nguvu kuzifunika. Siku ya pili yalitoka masizi meusi, mtoto akayatazama kwa fahari kama aliyeokota mali. Vyetezo vya mlangoni Bi Mwatime alivigeuza vielekee nje, na kwenye dirisha la chumba cha kulala alikwangua udongo kwa kijiko, tundu la ukubwa wa kikombe. Nguo alizotandikia kitanda alizifua na kuzikung'uta vumbi.

Alfajiri ya Ijumaa Zaina alishtuka, akakimbilia kitandani. Chumba kilikuwa kimya. Alidhani msiba. Kumbe mtoto alikuwa amelala amefumba mdomo.

Alipoamka, Kidawa alikunja uso. "Mama, nini hicho kinanuka?"

Alikuwa samaki wa jana, aliyesifiwa kwenye ubao.

Baraza la Ufukizo huketi katika ukumbi usio na dirisha, wenye vyetezo arubaini. Mbele waliketi wazee kumi na wawili, na pembeni ya Bwana Vuai alikaa Bwana Ngwali, Mtunza Moshi, mwenye macho mekundu kama ya samaki aliyeoza. Mbele yao iliwekwa sinia, na juu ya sinia vijibonge viwili vya pamba nyeusi, vidogo, vya kipimo cha mtoto.

Kwanza kulikuwa na mjadala. Haukuwa kuhusu mtoto. Ulikuwa kuhusu tundu lipi lizibwe mwanzo, la kulia au la kushoto, kwa kuwa kitabu hakikusema. Wa kulia walitaja heshima ya kulia. Wa kushoto walisema ubaya hutokea kushoto, na ubaya ndio uzibwe upesi. Mzee mmoja akapendekeza yazibwe kwa pamoja. Akaambiwa akae chini asilete uchochezi. Kidawa alikuwa amesimama katikati ameshika vazi la mama yake.

Sasa nchi ile ina desturi moja njema. Mgeni aliyekaa siku saba ana haki ya swali moja mbele ya Baraza. Moja tu, akiuliza ovyo, limekwenda. Siku ile ilikuwa ya saba. Bi Mwatime akasimama.

"Mgeni ana swali lake," akasema Bwana Vuai, kwa adabu.

"Ninalo, bwana mkubwa. Huyu mtoto alipimwa amefumba mdomo. Je, wewe ukipimwa umefumba mdomo, kioo kinasema nini?"

Bwana Ngwali alisimama kabla swali halijatua. "Swali batili! Kiapo hakisemwi kwa mdomo uliofumbwa. Raia anayefumba mdomo mbele ya serikali anaficha neno!"

"Hajauliza kuhusu neno," akasema mzee yule wa uchochezi. "Ameuliza kuhusu pua."

"Ni kitu kimoja!"

"Tangu lini?"

"Bwana Ngwali, kaa," akasema Bwana Vuai. "Mgeni hujibiwa. Ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko moshi wako." Akageuka kwa Bi Mwatime, na usoni pake hapakuwa na hasira, palikuwa na upole wa mtu anayemwondolea mwenzake ujinga. "Bibi, nimepimwa kila mwezi kwa miaka thelathini na mbili. Sijapata kukosa ukungu. Tazama."

Akavua mkufu. Akaweka kioo chini ya pua, akafumba mdomo.

Makumbi yalikuwa yakipasuka katika vyetezo. Kioo kilibaki kikavu. Bwana Vuai akakitazama kwa juu, akakisogeza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kifua kikapanda na kushuka, na hakuna kilichoingia wala kutoka. Kisha mdomo ukamfumbuka wenyewe, akahema kama aliyetolewa majini, na hapo hapo kioo kizima kikawa cheupe.

Akakipangusa kwa kanzu. Akajaribu tena. Ikawa vile vile.

"Kioo kibovu," akasema Bwana Ngwali. "Kiletwe kingine. Mgeni atoke, swali lake limekwisha."

"Limekwisha kweli," akasema Bi Mwatime, akakaa.

Lakini Kidawa hakuwa mgeni, wala hakuwa na swali. Alikuwa amemtazama mzee yule akigeuka rangi, na akamjua. Alijua vilivyo jinsi mtu anavyokuwa pumzi ikikataa kupita. Akauachia upande wa vazi la mama yake, akasogea, akainua uso. Akafumba mdomo juu ya pengo lake. Bwana Vuai, kwa mazoea ya mkono tu, akainama akamwekea kioo.

Yakatokea madoa mawili ya ukungu, madogo, kama nyayo za paka kwenye sakafu iliyodekiwa. Yakafifia. Yakatokea tena.

"Chumbani kwake mnafukiza?" Bwana Vuai akamuuliza Zaina.

Zaina alimtazama Bi Mwatime, akatazama sinia. Kisha akainua kidevu. "Siku nne hatujafukiza, bwana. Tumemtia maji ya chumvi. Tumetoboa dirisha."

Wazee wote kumi na wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Bwana Ngwali aligonga fimbo, akataja kifungu cha unyevu, kifungu cha madirisha, kifungu cha wageni. Mmoja wa wazee, Bi Mwatime alimwona vizuri, alikuwa amejibana midomo kwa vidole viwili kando ya safu, macho yamemtoka.

Bwana Vuai hakusikiliza. Alikuwa ameinama bado, akitazama madoa yale yakija na kuondoka. Mtoto akashikwa na chafya. Akaipiga kubwa, kwenye kioo chote, akasema, "Alhamdulillahi," kama alivyomsikia bibi yake wa siku saba.

Mzee akakifuta kioo polepole. Akakiweka mezani, na mkufu wake wa fedha juu yake. Akachukua sinia yenye vijibonge viwili vya lami, akaibeba.

"Mkuu!" akaita Bwana Ngwali. "Mkuu, hukumu bado! Waenda wapi?"

Bwana Vuai akapita katikati ya vyetezo arubaini, akaufungua mlango mkubwa, akatoka. Wala mlango hakuurudishia.